Fedha za Mtoto: Benki, Vipande au Kiwanja?

Siku ya arobaini ya mtoto, fedha huingia nyumbani bila kuombwa. Shangazi hukifumbatisha kichanga noti ya elfu kumi, babu hutuma yake kwa simu kutoka kijijini, wenzake baba kazini huchangishana na kuleta bahasha. Wapo wazazi wanaozimalizia kwenye nepi na maziwa, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini mjini wamezidi kuwa wengi wale ambao wiki inayofuata hubeba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho cha NIDA cha mzazi, wakapanga foleni benki na kufungua akaunti ya mtoto. CRDB wanayo Junior Jumbo, na benki nyingine kubwa zina za kwao. Mzazi hutoka pale akijiona ametua mzigo.

Ametua nusu tu. Akaunti ya akiba ni mahali pazuri pa kuanzia, ila fedha ikikaa humo miaka 18 inaliwa, na anayeila haonekani.

Tupige hesabu. Mzazi anaweka shilingi 30,000 kila mwezi tangu mtoto azaliwe mpaka afikishe miaka 18. Jumla aliyotoa mfukoni ni shilingi 6,480,000. Riba ya akaunti za kawaida za akiba nchini kwa miaka ya karibuni imekuwa haizidi wastani wa asilimia 3 kwa mwaka, ingawa baadhi ya akaunti za watoto hulipa zaidi kidogo. Kwa asilimia 3 mzazi huyu atakuta karibu milioni 8.6, na hapo hatujakata kodi ya zuio ya asilimia 10 ambayo serikali inachukua kwenye riba ya benki. Milioni 8.6 si haba, utasema. Lakini mfumuko wa bei nao umekuwa ukizunguka asilimia 3 hadi 4. Ukiuweka asilimia 4 kwa miaka yote hiyo 18, bei za vitu zitakuwa zimeongezeka maradufu, na ile milioni 8.6 itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa milioni 4.2 hivi.

Sasa chukua elfu thelathini ile ile, iweke mahali panapozalisha asilimia 10 kwa mwaka, na faida usiiguse. Baada ya miaka 18 ni milioni 18. Mfumuko wa bei utaila nayo pia, ila itakayobaki ni kama milioni 8.9 kwa thamani ya leo. Mzazi ni yule yule na kujinyima ni kule kule, lakini mtoto wa pili anaanza maisha na fedha mara mbili ya wa kwanza.

Na hizi za karibuni ni miaka ya neema. Waliokuwa wazazi katika miaka ya 1980 waliona mfumuko wa bei wa karibu asilimia 30 kwa mwaka, mmoja baada ya mwingine. Hata juzi tu, Desemba 2011, ulifika asilimia 19.8. Aliyekuwa na akiba ya mtoto kwenye kibubu au kwenye akaunti ya riba ya asilimia 3 wakati huo hakuibiwa na mtu, lakini alipungukiwa kana kwamba ameibiwa.

Kwa hesabu hiyo ungedhani jibu ni rahisi: toa fedha zote benki, kawekeze. Hapo ndipo wengine wanapoumia.

Fedha ina tarehe yake

Tazama hisa za CRDB. Benki hiyo iliuza hisa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja, na wafanyakazi wengi, walimu na wauguzi miongoni mwao, walizinunua wakisema ni za watoto. Mwishoni mwa 2019 hisa hiyo ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 100. Fikiria mzazi aliyenunua mwaka 2009 mtoto akiwa darasa la kwanza, na Januari 2020 anahitaji fedha kwa ajili ya mtoto huyo huyo. Gawio alikuwa akipata, ni kweli, lakini hisa zenyewe angeziuza kwa hasara baada ya kungoja muongo mzima. Jirani yake ambaye mtoto wake alikuwa mdogo hakulazimika kuuza. Akazilalia. Mwishoni mwa 2024 hisa hiyo hiyo ilikuwa imevuka shilingi 600.

Kampuni ni moja na bei waliyonunulia ni moja. Tofauti yao ni tarehe ambayo kila mmoja alihitaji fedha.

Na si kila hisa hupanda ukiisubiri. Mwaka 2017, sheria ilipozitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma, Vodacom Tanzania iliuza kwa shilingi 850. Watu walijitokeza kwa wingi, wengi wao kwa mara ya kwanza kabisa maishani. Baada ya kuingia sokoni bei ikateremka chini ya hapo na kukaa huko kwa miaka. Aliyeweka fedha zote za mtoto kwenye hisa za kampuni moja, hata ikiwa kampuni ambayo kila mtu anatumia laini yake, alikuwa amecheza bahati nasibu ya kistaarabu.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa na mzazi achague lipi kati ya akiba na uwekezaji, humrudishia swali: fedha hizo zitahitajika mwaka gani? Asiyejua mwaka hawezi kuchagua. Ada ya muhula ujao haina biashara ya kuwa kwenye hisa. Fedha ya chuo ya mtoto ambaye bado ananyonya haina biashara ya kulala kwenye akaunti ya akiba. Inayohitajika ndani ya miaka miwili au mitatu ikae benki, na ikiwezekana iwe kwenye akaunti ya muda maalumu, ile ambayo wateja huiita fiksi, ambayo riba yake ni nono zaidi kwa sababu umekubali kutoigusa. Inayohitajika baada ya miaka kumi itafutiwe mahali inapoweza kukua, na kuyumba kwake kusikukoseshe usingizi.

Ni vizuri pia kujua fedha ni ya nini. Tangu Januari 2016 shule za msingi na sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikafutwa. Mzazi ambaye watoto wake wako shule za serikali ataendelea kununua sare, madaftari na kulipa michango, lakini mlima wenyewe anaukuta baada ya kidato cha sita: chuo, chumba, chakula, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ambao huenda usipatikane au usitoshe. Huyo ana miaka 18 kamili ya kukuza fedha. Aliyechagua shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza anaanza kulipa mtoto akiwa na miaka mitatu au minne. Huyu wa pili mara nyingi ndiye anayejiita mwekezaji, kumbe muda ndio hana, na kila kinachoingia kinatoka Januari.

Vipande na hatifungani

Kwa mzazi wa kipato cha kawaida mwenye muda, pa kuanzia ambapo napaona panafaa kuliko kununua hisa za kampuni mojamoja ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja. UTT AMIS, iliyo chini ya serikali, ilianza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, na tangu hapo imeongeza mingine, ukiwemo Mfuko wa Watoto ulioanzishwa mwaka 2008. Mzazi au mlezi anamfungulia mtoto aliye chini ya miaka 18, anaanza na shilingi 10,000 na kuongeza kuanzia shilingi 5,000, kwa simu akitaka. Anachopata ni vipande. Meneja wa mfuko hukusanya fedha za maelfu ya watu na kuzigawa kwenye hisa, hatifungani na amana za benki, na thamani ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi. Siku hizi kuna kampuni binafsi pia zenye mifuko ya namna hiyo, na ni lazima ziwe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA.

Tahadhari yangu kuhusu vipande ni ndogo lakini haisemwi sana na mawakala. Thamani ya kipande inaweza kushuka. Hakuna mfuko wa namna hii unaoruhusiwa kukuahidi faida fulani, na rekodi ya mwaka jana haimfungi mtu yeyote mwaka huu. Uliza pia makato ya kutoka, kwa kuwa baadhi ya mifuko hukata asilimia 1 unapouza.

Hatifungani za serikali ni habari nyingine, na nadhani wazazi wengi wa Tanzania bado hawajazitumia inavyostahili. Unaikopesha serikali kupitia Benki Kuu, kiwango cha chini kikiwa shilingi milioni 1, na unanunua kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa. Kila baada ya miezi sita unalipwa riba, na kwa zile za muda mrefu riba hiyo haikatwi ile kodi ya asilimia 10. Muda ukiisha unarudishiwa fedha yako ya msingi. Zipo za miaka 2, 5, 10, 15, 20 na 25.

Urefu huo wa muda ndio utamu wake kwa mwenye mtoto. Mtoto wa miaka 8 leo atakuwa na 18 hatifungani ya miaka 10 ikiiva. Wa miaka 13 anafaa ile ya miaka 5. Unachagua hatifungani kama unavyochagua tarehe ya harusi, ukiangalia kalenda, na fedha inarudi mwaka ule ule mtoto anapokwenda chuo. Hakuna haja ya kubahatisha bei ya soko siku hiyo, mradi usiiuze kabla. Ukilazimika kuiuza kabla, utakwenda Soko la Hisa la Dar es Salaam na kupokea bei ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa juu au chini ya uliyonunulia.

Kiwango cha riba nacho kina wakati wake. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata zilizotolewa upya zilishuka hadi asilimia 12.56. Waliowahi wataendelea kulipwa ile 15.95 mpaka mwaka 2046, hata dunia igeuke. Mtoto aliyezaliwa 2021 atakuwa na umri wa kuoa.

Shida ya hatifungani iko kwenye zile riba za miezi sita. Mzazi mwenye milioni 1 kwa asilimia 12 anaingiziwa shilingi 60,000 mara mbili kwa mwaka kwenye akaunti yake ya kawaida, ile ile inayolipia gesi na luku. Elfu sitini ikiingia tarehe 20 ya mwezi, nani anaikumbuka kuwa ni ya mtoto? Nimeona wanaoifanyia ujanja mzuri: riba ikiingia tu, wanainunulia vipande siku hiyo hiyo. Bila hivyo milioni yako itarudi milioni ile ile baada ya miaka mingi, imechujuka na mfumuko wa bei, na faida yote mmeila.

Msomaji Mwislamu anayejiepusha na riba hana sababu ya kuacha yote haya. Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 ikifuata misingi ya Kiislamu, benki kadhaa za kawaida zina madirisha ya aina hiyo, na mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliingia sokoni na sukuk yake, yaani hatifungani isiyo ya riba. Na kina mama wa pwani hawakuhitaji kufundishwa na benki yoyote. Kidani na bangili za dhahabu za binti zimekuwa akiba yake tangu enzi za bibi zetu.

Ardhi haiozi, lakini haiuziki haraka

Ukiacha benki na simu, Mtanzania akisema amemwekea mtoto kitu, mara nyingi maana yake ni kiwanja. Chanika, Kigamboni, Kibaha, Bagamoyo, Usa River, kila mji una pembe yake ambako wazazi wanajaza mawe ya mipaka na migomba miwili. Siwezi kuwabeza. Waliotangulia Mbezi na Tegeta wakati ni mapori wamewaachia watoto mali ambayo hakuna hisa ingewapa.

Ila kiwanja hakigawanyiki. Ukihitaji milioni 2 za ada huwezi kuuza kona ya kiwanja cha milioni 15. Utauza chote, na mnunuzi akishanusa kwamba una barua ya chuo mfukoni, bei ni ya kwake. Na kile ambacho hukioni kwa miaka mitano kinaweza kuwa kimeuzwa mara mbili, kila mnunuzi akiwa na karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati ni urithi mzuri. Kama mfuko wa ada, ni mateso.

Ng'ombe nao vivyo hivyo, isipokuwa angalau ng'ombe huzaa na huuzwa mnadani kila wiki.

Usalama nao

Wanaong'ang'ania benki wana hoja moja nzito, usalama. Ni ya kweli, lakini ina mpaka. Januari 2018 Benki Kuu ilizifungia benki tano kwa kukosa mtaji wa kutosha: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Bodi ya Bima ya Amana wakati huo ilikuwa inamfidia kila mwenye amana kwa kiwango kisichozidi shilingi milioni 1.5, na aliyekuwa na zaidi alibaki kungojea mali za benki zikusanywe na kuuzwa. Kiwango hicho sasa ni milioni 7.5. Akaunti ya mtoto ya kawaida inaingia humo. Ikizidi hapo, gawanya kwenye benki mbili na usione tabu.

Hatari kubwa kwa fedha ya mtoto hata hivyo haikuwahi kuwa benki wala soko la hisa. Ni yule rafiki anayekuja jioni na habari ya mahali ambapo laki inakuwa laki tatu kwa miezi michache. Mwaka 2009 mpango wa upatu wa DECI ulisimamishwa na serikali baada ya maelfu ya watu, wakiwemo waumini walioelezwa kwamba wanapanda mbegu, kuingiza humo akiba zao. Tangu wakati ule majina yamebadilika na mambo yamehamia kwenye simu na makundi ya WhatsApp, lakini mchezo ni ule ule: wa mwanzo wanalipwa kwa fedha za wa mwisho. Hatifungani ya serikali inayolipa asilimia 12 hadi 15 kwa mwaka ndiyo kipimo. Anayekuahidi hiyo kwa wiki anakutania, na mzaha wenyewe utaulipia wewe.

Hatari nyingine ni mkopo. Mzazi anayelipa kausha damu kwa asilimia 20 kwa mwezi huku akijisifu kwamba mtoto ana vipande vinavyozaa asilimia 12 kwa mwaka, anachota maji kwa pakacha. Auze vipande, alipe deni, aanze upya. Sisemi hivyo kwa ukali. Hakuna uwekezaji halali Tanzania unaoweza kukimbizana na riba za wakopeshaji wa mtaani.

Na nyingine ni mzazi mwenyewe. Fedha ya mtoto inayokaa karibu hukopwa. Msiba umetokea Songea, gari limekwama gereji, kikoba kinadai marejesho, na akaunti ya mtoto ipo, ina milioni moja na ushee, itarudishwa mwisho wa mwezi. Hairudi. Kwa sababu hiyo naona usumbufu wa kuuza vipande na kusubiri siku kadhaa ni neema, si kasoro. Kila nyumba inahitaji fungu lake la dharura benki, la miezi mitatu ya matumizi ikiwezekana, kabla haijamnunulia mtoto kitu kingine chochote. Hilo ndilo linalomlinda mtoto na misiba ya Songea.

Limebaki jambo ambalo mawakala wote wa fedha hulikwepa kwa sababu halina kamisheni. Mzazi akifa, akaunti zilizo kwa jina lake hufungwa mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi. Hisa, hatifungani na vipande hali kadhalika. Kama vilinunuliwa kwa jina la mtoto, mzazi akiwa mlezi, njia ni nyepesi kidogo, ingawa mlezi mpya atatakiwa kuthibitishwa. Kama vilinunuliwa kwa jina la baba kwa nia tu kwamba ni vya mtoto, basi kisheria ni vya baba, na vitagawanywa kwa warithi wote, wakiwemo wale ambao familia haikuwajua mpaka siku ya mazishi. Na kama hakuna aliyeambiwa kuwa vipo, hakuna atakayeviulizia. Akaunti isiyoguswa hulala, gawio lisilochukuliwa hubaki kwenye vitabu vya kampuni, na mtoto aliyewekewa vyote hivyo anaomba mchango wa ada kwa wajomba.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kwenda kununua chochote kipya, chukua karatasi moja. Andika benki na namba ya akaunti ya mtoto, namba ya akaunti ya vipande, namba ya akaunti yako ya soko la hisa, hatifungani na mwaka itakapoiva, kiwanja kilipo na hati ilipo. Mwonyeshe mwenzi wako, na mtu mmoja wa ukoo unayemwamini na asiye na shida ya fedha. Mtoto akifika sekondari, mwonyeshe na yeye.